Buibui anayefanana na majimoto kwenye mikorosho ya Pugu: nitajuaje kwamba ni spishi mpya?

Mwalimu wa Gongo la Mboto

Nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari, na makazi yangu ni Gongo la Mboto. Tangu mvua za vuli zilipoanza nimekuwa nikienda kila Jumamosi katika shamba la mjomba wangu upande wa Pugu, mahali penye mikorosho michache iliyozeeka na miembe miwili mikubwa. Miti yote hiyo imetawaliwa na majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Katikati ya majimoto hao nimemkuta kiumbe ambaye mwanzoni nilimhesabu kuwa mmoja wao, mpaka nilipotikisa tawi naye akaning'inia kwa uzi. Nilipomtazama kwa lenzi niliona miguu minane na macho mawili makubwa yaliyoelekea mbele, nikajua kwamba ni buibui mrukaji, na baada ya kusoma nikafikia jenasi *Myrmarachne*, kundi la buibui wanaoiga sisimizi.

Mpaka sasa nina madume wanne, majike saba na watoto kadhaa, wote wakiwa wamehifadhiwa ndani ya spiriti katika vichupa vya dawa nilivyoviosha. Urefu wao ni kati ya milimita 6 na 8 bila kuhesabu kelisera za madume, yaani zile taya za mbele, ambazo kwa dume mmoja zimerefuka hata kupita urefu wa kichwa-kifua chake. Nimewalinganisha na *Myrmarachne foenisex*, spishi inayotajwa mara kwa mara kwamba inaishi na majimoto barani Afrika. Naona kwamba wa kwangu wana tumbo jeusi linalong'aa, ilhali kwenye picha za mtandaoni tumbo ni la kahawia-nyekundu. Chonge ya dume ina kijino kimoja kilichosimama karibu na katikati yake, na ile sehemu iliyobonyea kama kiuno, inayotenganisha kichwa na kifua, imebonyea zaidi kuliko ninavyoiona kwenye picha hizo.

Swali langu ni hili: je, tofauti hizi zinatosha kusema kwamba hii ni spishi ambayo haijaelezwa? Kama hazitoshi, nitazame nini, na nilinganishe na nani? Na ikithibitika, ni utaratibu gani unaokubalika wa kuitangaza? Nina hadubini ya shule ya kutazamia vitu vizima, pamoja na simu ninayoigemeza kwenye lenzi ili kupiga picha. Jina nimekwisha kulifikiria, lakini sitaliandika hapa.

Mchoraji wa Kimara

Mwalimu, hongera kwa subira yako, na umefanya vyema kutoliandika jina. Nimechora viungo vya buibui kwa miaka mingi, na ningependa kwanza kuligeuza swali lako kidogo. Umeuliza kama buibui wako ni tofauti. Swali litakalokufikisha mbali zaidi ni hili: jamaa zake wa karibu ni akina nani, na ni alama ipi inayomtenga na kila mmoja wao bila kukosa? Kuwa tofauti na picha ya mtandaoni hakuthibitishi jambo, kwa sababu picha nyingi za namna hiyo zimepewa jina kwa kutazamwa tu, wala hapakuwa na mtu aliyefungua chupa na kuchunguza viungo vya uzazi. Inawezekana kabisa kwamba umelinganisha buibui wako na spishi nyingine yenye jina lisilo lake.

Anza na kazi ya Fred Wanless wa mwaka 1978, iliyopitia upya jenasi za *Myrmarachne* na *Belippo* za Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Hiyo ndiyo nguzo ya kundi hili katika bara letu, kwa kuwa ina michoro ya vipapasio vya madume, yaani vile viungo vidogo vya mbele ambavyo dume hupitishia mbegu, na ya viungo vya uzazi vya majike, na bila kuwa nayo mezani hakuna ulinganisho wa kuaminika. Kisha ingia katika Katalogi ya Buibui ya Dunia, inayotunzwa katika makumbusho ya historia asilia ya mjini Bern, Uswisi, ambako kila jina lililopata kuchapishwa limeorodheshwa na maandiko mengi yanapatikana bila malipo kwa aliyejiandikisha. Idadi ya spishi za buibui zinazotambuliwa humo ilivuka 50,000 mwaka 2022. Tazama pia mabadiliko ya majina, kwa maana mwaka 2016 Jerzy Prószyński aliigawa jenasi hii na kuzihamishia baadhi ya spishi katika jenasi nyingine. Yule mwigaji maarufu wa majimoto wa Asia, ambaye vitabu vya zamani vinamwita *Myrmarachne plataleoides*, leo anaitwa *Myrmaplata plataleoides*.

Jambo moja ambalo wengi huliruka ni eneo. Usiishie kwenye spishi zilizowahi kutajwa Tanzania. Majimoto wetu, *Oecophylla longinoda*, wameenea tangu Afrika Magharibi mpaka pwani hii, na buibui anayewafuata anaweza kuwa ameenea vilevile. Huenda huyo wa Pugu alikwisha kuelezwa kutoka Ghana au Kongo, na mwandishi wake hakupata kufika Pugu. Mtu akilinganisha na jirani tu, ataandika jina jipya kwa mnyama mwenye jina tayari, na wengine watatumia miaka kulifuta.

Sasa nizitazame alama zako. Rangi ya tumbo iweke kando kabisa. Nyekundu na chungwa hufifia ndani ya spiriti, weusi hubadilika kadiri buibui anavyokomaa, na katika *Myrmarachne* watu wa spishi moja huweza kuwa na rangi tofauti kufuatana na sisimizi wanaomwiga. Urefu wa kelisera nao ni mtego. Dume wa *Myrmarachne* hupata kelisera zake ndefu pale anapojivua gamba kwa mara ya mwisho, na urefu huo hauongezeki kwa uwiano ule ule wa mwili: dume mkubwa hupata kelisera ndefu mno, na dume mdogo wa spishi hiyo hiyo hubaki na fupi. Ukiwapanga madume wawili tu wa pande hizo mbili, utaapa kwamba ni spishi mbili. Kijino cha kwenye chonge kina thamani zaidi, pamoja na idadi na mpangilio wa meno yaliyo kwenye kingo za kelisera, ila ni lazima ukione kwa madume wote waliokomaa, wakubwa kwa wadogo. Kuhusu kiuno kilichobonyea, pima. Andika urefu wa kichwa-kifua, upana wake kwenye macho ya nyuma na upana wake pale palipobonyea, kwa kila mmoja, na uhesabu uwiano. Maneno "imebonyea zaidi" hayatamsaidia mtu aliye Pretoria au Warszawa, kwa sababu hana buibui wako mezani mwake.

Kwa buibui walio wengi, mambo huamuliwa na viungo vya uzazi: kipapasio cha dume na epigini ya jike, yaani lile bamba gumu lililo chini ya tumbo. *Myrmarachne* ni kundi gumu kwa sababu vipapasio vya madume vinafanana sana baina ya spishi. Karibu vyote vina teguli ya mviringo, yaani sehemu kuu ya ncha ya kipapasio, na emboli nyembamba, ule mrija wa kupitishia mbegu, inayoizunguka kama uzi uliosokotwa. Kwa hiyo itazame pembe ndogo itokayo ubavuni mwa pingili ya tibia ya kipapasio: imepindia wapi, ncha yake ikoje, na ule ukingo mwembamba ulio karibu na shina lake una umbo gani. Hapa nakusihi uwe mwangalifu sana na pembe ya kutazamia. Kipapasio kile kile kikigeuzwa nyuzi chache tu, pembe yake huonekana imenyooka mahali ilipokuwa imejikunja. Nimeona michoro miwili ya mnyama mmoja, iliyochorwa na mkono mmoja, ambayo mtu mwingine angeweza kuifanya spishi mbili. Mazoea ni kuchora kipapasio cha kushoto, kikitazamwa kwa chini na kwa ubavu wa nje, na wewe fuata mazoea hayo ili mchoro wako ulingane na ya wengine. Kama umechemsha kipapasio au kukitia kemikali kikavimba, usikilinganishe na kisichovimba.

Kwa jike, epigini itenganishwe kwa sindano nyembamba na kusafishwa nyama iliyoigandamana ili mirija na vifuko vya ndani vionekane. Mafuta ya karafuu yanafanya kazi hii vizuri, na wachunguzi wa buibui duniani kote huyatumia; sisi tunayapata Kariakoo bila kuagiza popote. Epigini iliyotenganishwa itiwe katika kijichupa chake ndani ya chupa ya mwenyewe, isije ikapotea wala kuchanganyika na ya mwingine.

Hesabu pia jozi za miiba iliyo chini ya pingili za tibia na metatarso za mguu wa kwanza. Ni kazi ya kuchosha, lakini imewahi kunipa jibu mahali ambapo kipapasio kilininyima.

Bwana Shamba Mstaafu, Mkuranga

Mwalimu, mimi si mtu wa buibui; nimefanya kazi ya ugani wa korosho na minazi kwa muda mrefu wa maisha yangu, na sisimizi wa mikorosho ninawafahamu. Nataka kukuuliza jambo moja kabla hujaenda mbali: una hakika kwamba miti yote ya mjomba wako ina majimoto? Katika mashamba yetu ya pwani majimoto hugombea miti na sisimizi wengine, hasa wale wadogo wa kahawia wenye vichwa vikubwa, *Pheidole megacephala*, ambao hujenga chini na kuwafukuza majimoto kidogo kidogo. Mti uliokuwa wa majimoto mwaka jana unaweza kuwa si wao tena mwaka huu. Nasema hivi kwa sababu kama buibui huyu anaiga sisimizi fulani, basi ni muhimu kuandika ni sisimizi yupi aliyekuwa kwenye tawi lile, siku ile, na kumhifadhi sisimizi mmoja au wawili pamoja na buibui. Neno "mkorosho" peke yake halitoshi.

La pili, muulize mjomba wako kama amepuliza dawa. Majimoto ni walinzi wa korosho na nazi. Huwawinda wadudu wanaofyonza machipukizi ya mkorosho, na huko Zanzibar na pwani ya bara ilijulikana zamani kwamba mnazi wenye majimoto wengi hauharibiwi sana na yule mdudu wa nazi, *Pseudotheraptus wayi*. Mkulima akipuliza sumu, majimoto huondoka, na huyo buibui wako atakuwa hana wa kumwiga. Ningefurahi sana kama shamba hilo lingeachwa lilivyo mpaka umalize kazi yako.

Nimewahi kuona hao mnaowaita madume wenye taya ndefu wakiwa wamekaa kando ya vijumba vyeupe vya utando kwenye jani lililojikunja, na ndani kuna mwingine asiye na taya ndefu. Sikujua wakati ule kwamba ni buibui.

Zainabu wa Maabara

Shikamoo Bwana Shamba, na habari ya kazi Mwalimu. Hilo la mwisho alilolisema Bwana Shamba lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Buibui warukaji madume wana desturi ya kujenga utando kando ya kijumba cha jike ambaye hajakomaa, wakisubiri ajivue gamba. Robert Jackson aliieleza tabia hiyo kwa *Myrmarachne* mwaka 1982. Ukiwakuta wawili hao kwenye jani moja una ushahidi mzuri kwamba ni wa spishi moja, na huo ndio ushahidi unaokosekana mara nyingi, kwa sababu dume na jike wa kundi hili hawafanani. Dume na hizo kelisera zake huonekana kama sisimizi aliyebeba mzigo mdomoni, na Ximena Nelson pamoja na Jackson walionyesha mwaka 2006 kwamba buibui wawindaji wanaopenda sisimizi waliobeba mizigo humshambulia dume huyo zaidi kuliko jike. Maumbo yakitofautiana kiasi hicho, ni rahisi mtu kumpa jike dume asiye wa spishi yake, akaunganisha spishi mbili chini ya jina moja.

Kwa hiyo, Mwalimu, usiwachanganye wa mwembe na wa mkorosho katika chupa moja kwa kudhani kwamba ni wamoja. Kila jani chupa yake. Na watoto uwafuge badala ya kuwatia spiriti: kichupa kimoja kimoja, nzi wadogo wa matunda kama chakula, na tone la maji. Akikomaa mkononi mwako utajua bila shaka kwamba mtoto wa rangi hii ndiye mkubwa wa rangi ile. Hilo si jambo dogo, kwa sababu huko Ghana Malcolm Edmunds alionyesha mwaka 1978 kwamba baadhi ya *Myrmarachne* huiga sisimizi wa aina moja wakiwa wadogo na wa aina nyingine wakikua.

Ombi langu ni kuhusu vinasaba. Spiriti ya kawaida ya dukani huhifadhi umbo, lakini DNA huharibika humo polepole. Ukipata wengine, mguu mmoja au buibui mzima mmoja mmoja atiwe katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi na awekwe kwenye jokofu. Kipande cha jeni ya COI chenye urefu wa herufi 658, ambacho tangu mwaka 2003 kimekuwa kikitumika kama alama ya kutambulisha wanyama, kingeweza kukuambia kwa siku chache kama madume na majike wako wanakaa pamoja. Mimi ningeanza huko kabla ya kuhangaika na miiba ya miguu.

Mchoraji wa Kimara

Dada Zainabu, nakubaliana nawe kuhusu kuunganisha dume na jike, na kuhusu jokofu. Sikubaliani na kuanza huko. COI hukupa umbali kati ya sampuli na sampuli, haikupi jina. Ili ikupe jina, ni lazima awepo mwingine aliyetambuliwa kwa usahihi ambaye jeni yake imesomwa, na spishi za *Myrmarachne* za Afrika zilizosomwa hivyo ni chache ukilinganisha na zilizoelezwa. Vielelezo vya spishi za Eugène Simon viko Paris, na vya Wanless viko London; vimekaa katika spiriti kwa miongo mingi, na jambo unaloweza kulinganisha navyo kwa uhakika ni umbo. Zaidi ya hayo, COI hurithiwa kwa mama pekee, na bakteria wa *Wolbachia*, wanaowapata buibui wengi, wanaweza kuieneza aina moja ya jeni hiyo katika kundi zima na kuleta picha isiyo ya kweli. Ikiwa umbo na jeni vitasema neno moja, nitafurahi. Vikitofautiana, nitarudi kwenye hadubini.

Zainabu wa Maabara

Hoja ya vielelezo vya zamani naikubali. Lakini kwa mtu mwenye majike saba na madume wanne wasiojulikana ni wa nani, jeni ndiyo njia ya haraka ya kuwapanga kabla hajachora hata mstari mmoja, hata kama hatapata jina. Tusimwache achore mchanganyiko.

Mwalimu wa Gongo la Mboto

Nawashukuru kwa moyo wote. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kufanya mlichoniagiza, na matokeo yamenibadilisha mawazo.

Nilirudi kwa madume wanne. Wawili kati yao hawajakomaa: vipapasio vyao vimevimba mwishoni kama ngumi, lakini ndani hakuna emboli wala pembe ya tibia, na kelisera zao ni fupi. Nilikuwa nimewahesabu kuwa madume wadogo. Wamebaki wawili, mmoja mkubwa na mmoja wa wastani, na wote wana kile kijino kwenye chonge mahali pale pale, ingawa kelisera za mmoja ni fupi kuliko za mwenzake kwa theluthi moja hivi.

Majike yalinipa kazi kubwa zaidi. Nilitenganisha epigini tano, nikaziweka katika mafuta ya karafuu usiku kucha, na asubuhi niliona aina mbili zilizo tofauti waziwazi. Tatu zina mirija iliyojikunja mara chache na vifuko vilivyokaribiana. Mbili zina mirija mirefu iliyozungushwa zaidi, na vifuko vyake vimeachana. Nilipotazama daftari langu niliona kwamba zile tatu zote zinatoka mwembeni, na zile mbili zinatoka mkoroshoni. Za mwembeni nimezilinganisha na michoro ya *foenisex* ya Wanless, na sikuona tofauti yoyote ninayoweza kuitetea. Kwa hiyo nilikuwa na spishi mbili tangu mwanzo, na tumbo jeusi lilikuwapo kwa zote mbili.

Madume wawili waliokomaa wote ni wa mkoroshoni. Jumamosi iliyopita nilipata jani la mkorosho lililojikunja lenye dume upande mmoja wa utando na jike asiyekomaa upande wa pili, nami nimemweka jike huyo hai mezani kwangu. Nikienda kumlisha najikuta nimekaa saa nzima. Bwana Shamba, nimewahifadhi na sisimizi pia, na ni majimoto katika miti yote miwili. Mjomba ameahidi kutopuliza dawa msimu huu kwenye mikorosho ile.

Nimepitia michoro yote ya Wanless na ile iliyochapishwa baadaye, ikiwemo *Myrmarachne melanotarsa* iliyoelezwa mwaka 2002 kutoka Ziwa Victoria, ambayo huishi kwa makundi na kuiga sisimizi wa *Crematogaster*, na sijampata mwenye mchanganyiko wa alama za huyu wa mkoroshoni. Naomba sasa mnieleze hatua zinazofuata.

Mchoraji wa Kimara

Mwalimu, hiyo ni kazi safi. Kutenganisha epigini tano na kukuta aina mbili kumekuokoa na kosa ambalo lingekaa katika vitabu kwa muda mrefu.

Subiri jike wa mezani akomae. Epigini yake ikilingana na zile mbili za mkoroshoni, utakuwa umewaunganisha dume na jike kwa ushahidi wa kuonekana, na hapo jeni anayoisema Dada Zainabu itakuwa ya kuthibitisha. Wakati huohuo tafuta madume zaidi, japo watano au sita, na kama inawezekana kutoka mahali pengine kama Kisarawe au Pande, ili ujue alama zako zinabadilika kwa kiasi gani ndani ya spishi yenyewe. Ukiingia katika msitu wa hifadhi utahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na ni vyema kazi yote ipitie chuo au taasisi inayojua taratibu za Tume ya Sayansi na Teknolojia, hasa kama kuna kielelezo kitakachotoka nje ya nchi. Wasiliana pia na mtaalamu wa kundi hili anayeweza kufika Paris na London kuvitazama vielelezo vya awali vya jamaa wa karibu. Michoro hupungukiwa na mambo, hata iliyo mizuri.

Utakapoandika, sehemu itakayosomwa kuliko zote ni maelezo bainishi. Ukisema kwamba spishi hii inajulikana kwa weusi wa tumbo, hujamsaidia msomaji. Taja jamaa wa karibu mmoja mmoja kwa jina. Kwa kila mmoja sema pembe ya tibia ya dume wako, ikitazamwa kwa ubavu wa nje, imepindia wapi, na ya huyo jamaa imepindia wapi. Mirija ya jike wako imezunguka mara ngapi, na ya mwenzake mara ngapi. Msomaji aweze kumshika buibui wake mwenyewe na kukata shauri bila kukuuliza. Maelezo marefu ya mwili mzima, rangi, vipimo na miiba, yaje baadaye, na ndani yake useme wazi ni watu wangapi uliowapima na kipimo kidogo na kikubwa kabisa.

Kwa upande wa kanuni, Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama zinataka uonyeshe wazi kwamba jina ni jipya, utaje alama bainishi, uchague kielelezo kimoja kuwa holotaipu, yaani kile kinachobeba jina, na useme kimewekwa katika mkusanyo gani. Matakwa hayo ya holotaipu na mahali pake ni ya lazima kwa majina yote yaliyochapishwa baada ya mwaka 1999. Jarida likiwa la mtandaoni tu, ni lazima pia kazi isajiliwe ZooBank, ile sajili rasmi ya majina ya wanyama, na usajili huo uonekane ndani ya kazi yenyewe. Mimi ningechagua dume kuwa holotaipu, yule wa wastani, kwa sababu kipapasio chake ni kizima, na yule mkubwa pamoja na majike wawe parataipu, yaani vielelezo vya kuandamana nayo. Holotaipu isikae shuleni. Iwekwe katika mkusanyo wa kudumu wenye mtunzaji, na parataipu zigawanywe ili kama chupa moja itavunjika au kukauka, nyingine ibaki. Kuhusu jina, *Myrmarachne* ni la jinsia ya kike katika Kilatini, kwa hiyo kama jina lako ni kivumishi, hakikisha mwisho wake unakubaliana.

Zainabu wa Maabara

Mwalimu, ukikubali, nitumie mguu mmoja wa kulia kutoka kwa kila mmoja wa majike wa mwembeni na wa mkoroshoni. Ya kushoto ibaki kwa ajili ya kuhesabu miiba. Nitakutafutia ethanoli safi. Tuwasiliane kwa ujumbe wa faragha.

Bwana Shamba Mstaafu, Mkuranga

Nami huku Mkuranga nina mikorosho yenye majimoto ambayo haijapulizwa dawa. Karibu wakati wowote, Mwalimu. Njoo na mwavuli: ukiupindua chini ya tawi na kulikung'uta, kila kilichomo kitaangukia ndani.

Mwalimu wa Gongo la Mboto

Nitakuja Jumamosi ya wiki ijayo, Mungu akipenda. Jambo moja la mwisho: vichupa vyangu vina namba tu kwa nje, niliziandika kwa kalamu ya wino, na mbili zimekwisha kufutika.

Mchoraji wa Kimara

Basi acha mengine yote na ufanye hilo usiku huu, wakati bado unakumbuka na daftari liko mkononi. Kata karatasi nzito, andika kwa penseli, kwa maana wino wa kawaida huyeyuka kwenye spiriti, na karatasi iingie ndani ya chupa pamoja na buibui: Tanzania, Mkoa wa Dar es Salaam, Pugu, nyuzi za latitudo na longitudo, tarehe, mkorosho au mwembe, kiota cha majimoto, jina la aliyekusanya. Anza na yule dume wa wastani.